Dechi Ndani ya Muguu wa Baba

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka tisa, na mwaka ule njo shida iliingia kwetu. Kamba ya chuma ya mashini inayovuta wavu ilikatika katikati ya ziwa, ikamupiga baba kiunoni. Wenzake wakamurudisha pwani amelazwa juu ya samaki ndagala kama muzigo. Damu haikutoka hata tone. Watu walipomuona hana kidonda wakasema afadhali. Afadhali gani? Muguu wake wa kushoto ulikuwa umelala. Ulikuwa pale, na vidole vyake vyote, lakini ukiufinya baba alikuwa anakutazama tu, kama vile umemufinya jirani.

Ninaandika na hasira, sitadanganya. Juzi muntu alichoma majani makavu nyuma ya ukuta wa lupango yangu, moshi ukaingia jikoni, mutamu na muchungu pamoja, na miye nikabaki nimesimama na mwiko mukononi, bukari, ugali wetu, inaungua. Ule moshi niliujua. Wajukuu wakauliza, «Nkambo, una nini?» Nikawaambia nina hasira. Wakacheka. Kwao hasira ni ya leo na kesho imeisha. Yangu inaota mvi pamoja na miye, na ninyi wa rika langu, muliokula Zaire ile, munajua ninasema nini.

Kwanza mumujue baba. Kabla ya kuajiriwa kwenye mutumbwi wa mashini alikuwa muvuvi wa mushipi, tena si wa mchezo. Kidole chake cha shahada kilikuwa na mufereji, mushipi ulikuwa umejichimbia njia miaka na miaka. Samaki akigusa ndoana kule chini kwenye giza, baba alikuwa anataja jina lake, «mukebuka» au «kuhe», kabla ya kuvuta, na hakukosea. Nilikuwa nakaa mbele yake ndani ya mutumbwi, namutazama uso, maana uso wake njo ulikuwa unaniambia samaki amefika. Aliniita Mama, kwa sababu nilibeba jina la mama yake. «Mama, nyamaza kidogo, kuna mugeni mulangoni.» Hivyo njo alikuwa anasema samaki akianza kugusa.

Lakini baba huyo alikuwa na ugonjwa mwingine, wa zamani kuliko ule wa muguu. Ugonjwa wake ulikuwa neno ndiyo. Alikulia kambini kwa Wazungu, «ndiyo Bwana», kisha ikaja Zaire, «ndiyo Citoyen», yaani mwananchi, na neno lilikuwa lile lile, kofia tu njo ilibadilika. Wala si yeye peke yake. Kwetu, mukubwa akikuuliza kitu, ukimujibu hapana ni kama umemuvua nguo mbele ya watu. Mugeni akikuuliza kama njia hii inafika Moba, unasema inafika, hata kama inaishia kwenye shamba la mihogo, ili asivunjike moyo. Tunaita hiyo heshima. Miye naijua kwa jina lingine lakini sitaliandika hapa.

Nyumba tuliyolala haikuwa yetu. Ilikuwa ya Patroni, mwenye mutumbwi, muntu wa shati jeupe na marashi. Alikuja kumuona baba, akasimama mulangoni, hakuingia.

«Papa Musafiri, pole.»

«Ndiyo, Patroni.»

«Nyumba hii ni ya watu wa mutumbwi, unajua.»

«Ndiyo, Patroni.»

«Mvua za kwanza zikianguka, kama hauko mutumbwini, nitaweka muntu mwingine. Si ubaya.»

«Ndiyo, Patroni. Aksanti.»

Aksanti! Mama yangu alikuwa anapepeta mchele nyuma ya nyumba, na nilisikia ungo umesimama.

Basi tulikuwa tunahesabu mawingu. Na wakati ule njo ikasikika kwamba hospitali imepata Munganga Muchina, anatibu kwa sindano zisizo na dawa ndani. Watu walisema mengi. Wengine walisema anatoboa muntu kama anashona gunia. Mama akasema, «Ashone, apasue, muguu uamke tu.» Wajomba walimupeleka baba kwa baiskeli, miye nyuma nimeshika muguu uliolala usiburuzwe kwenye mawe. Ile ikawa kazi yangu. Masomo nilikuwa nimefika mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu njo nilibaki mpaka leo.

Munganga Muchina alikuwa mufupi, mwembamba, mikono safi kama ya muntu aliyetoka kuosha unga. Kifaransa chake kilikuwa kidogo kuliko changu, na changu hakikuwepo. Alikuwa anachoma fundo la majani makavu karibu na ngozi ya mugonjwa, moshi ule ule wa juzi, halafu anaingiza sindano nyembamba kama ndevu za kambale. Kisha anaizungusha kwa vidole viwili, taratibu, ameinamisha kichwa kama muntu anayesikiliza ukuta. Na anauliza neno moja.

«Dechi?»

Naliandika nilivyolisikia. Anazungusha, anangoja. «Dechi?» Macho yake hayakuwa kwa baba, yalikuwa kwenye muguu. Na miye, mutoto wa miaka tisa, nikaelewa kama mutoto: ndani ya muguu wa baba kuna muntu, anaitwa Dechi, njo anayeuzuia muguu kuamka, na Munganga anamuita kwa jina atoke. Nilimuona vizuri kabisa kichwani mwangu, mwanaume mufupi, amekunja mikono, hataki kuitika. Nilimuchukia. Nyumbani, baba akisinzia muchana, nilikuwa nainama kwenye goti lake nanong'ona, «Dechi, weye mujinga, toka. Hii si nyumba yako.» Siku moja nilimuwekea kipande cha bukari na mafuta ya samaki juu ya goti, ili ajaribiwe na harufu. Mama alinikuta, akanipiga kofi kwa sababu ya bukari, si kwa sababu ya Dechi.

Sasa mukae vizuri nimulete muntu wa tatu. Kulikuwa na muforomo pale hospitalini, yule wa kufunga vidonda, ambaye alipewa kazi ya kusimama kati ya Muchina na sisi. Jina lake ninalijua, silitaji, watoto wake wako muji huu. Kila asubuhi, kabla Munganga hajafika, alikuwa anapita mbele ya benchi na kututolea sheria.

«Musikilize. Akisema lile neno lake, jibu ni ndiyo. Hakuna kulia, hakuna kupiga kelele kama mbuzi wa sikukuu. Huyu ni mugeni wa Serikali. Atakayetutia haya, arudi kwao na ugonjwa wake.»

Kwa nini hakumuuliza Muchina neno lina maana gani? Nimejiuliza mpaka kichwa kimeuma. Nadhani hakujua, na kuuliza kungemuonyesha hajui, na muntu mwenye blouse nyeupe ya hospitali hawezi kuonyesha hajui. Kwa hiyo alitupa jibu kabla ya kujua swali. Na baba, mwenye ugonjwa wake wa ndiyo, alilipokea lile jibu kama dawa. «Dechi?» «Ndiyo, Munganga.» «Dechi?» «Ndiyo, aksanti.» Munganga alikuwa anakunja uso, anatazama vidole vyake, anatazama uso wa baba, na anachomoa sindano kama muntu aliyevuta mushipi mutupu. Juma baada ya juma. Mawingu yalianza kukaa juu ya ziwa.

Mama Vumilia njo aliyetufungua macho. Alikuwa anauza ndagala sokoni, munene, mudomo hauna mulango, bega lake lilikataa kuinuka. Siku hiyo alikuwa kitanda cha pembeni yetu. Muforomo alikuwa ametupatia sheria yake kama kawaida. Munganga akaingiza sindano, akazungusha, na Mama Vumilia akaruka.

«Ayi! Ayi mama! Weye Muchina, umenifungulia mutambo wa umeme wa kule Bendera ndani ya mukono! Unatembea mpaka kwenye kidole!»

Muforomo akaja mbio, «Mama, nyamaza, nilisema nini?» Lakini Munganga alikuwa anacheka. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumuona na meno. Akapiga kidole juu ya mukono wa Mama Vumilia, akasema kwa furaha, hakuuliza tena, «Dechi! Dechi!»

«Eeh, dechi, dechi, mwite unavyotaka,» Mama Vumilia akajibu, «lakini mupunguzie moto.»

Benchi zima wakacheka. Miye sikucheka. Yule mwanaume mufupi wa kichwani mwangu alikufa pale pale. Dechi si muntu. Dechi ni kile mugonjwa anasikia, na Munganga alikuwa anamuuliza baba kila siku, umesikia? Na baba, ambaye hakusikia kitu, alikuwa anajibu ndiyo.

Zamu yetu ikafika. Sindano ikaingia chini ya goti. «Dechi?»

«Ndiyo, Munganga.»

«Baba,» nikasema, «unasikia kweli?»

«Mama, nyamaza.»

Nikamutazama Munganga machoni, kitu ambacho mutoto hafanyi, nikatikisa kichwa. «Dechi, hapana. Hapana dechi.»

Muforomo alinishika sikio na kulikunja, nalihisi mpaka leo. «Weye chura, nani amekuuliza?» Alikuwa ananivuta nje, lakini Munganga akainua mukono wake ule safi, na muforomo akaniachia. Munganga akachukua mukono wa baba. Akaugeuza. Akaona mufereji kwenye kidole cha shahada, akapitisha ukucha wake mule ndani, polepole. Kisha akaonyesha dirisha, ziwa, na akaanza kuvua.

Nasema alivua. Alishusha mushipi usiokuwepo kwenye maji yasiyokuwepo. Akangoja. Vidole vyake vilegevu, hakuna kitu. Akatikisa kichwa: dechi, hapana. Akashusha tena, akangoja, na mara vidole vikashikwa. Vikavutwa chini kidogo, vikawa vizito, uso wake ukabadilika kama uso wa baba ndani ya mutumbwi. «Dechi,» akasema. Halafu akagusa vidole vyake mwenyewe, akagusa muguu wa baba, akagusa tena vidole, tena muguu. Samaki anasikika huku na huku. Juu na chini.

Baba alifungua mudomo. «Mama,» akaniambia, sauti ndogo, «huyu muntu ni muvuvi.»

Na walivua, wale wanaume wawili. Munganga anazungusha, baba amefumba macho, kidole chake chenye mufereji kimewekwa juu ya goti. «Dechi?» «Bado.» Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumusikia baba akimujibu mukubwa bado. Munganga akasogeza sindano. «Dechi?» «Bado... ngoja... kuna mugeni mulangoni...» Halafu baba akashika ukingo wa kitanda. «Ameshika! Ameshika, muzito, anashuka mpaka kwenye kifundo!» Jasho lilimutoka, na machozi, na Munganga alikuwa anaitikia kwa kichwa, maana vidole vyake pia vilikuwa vimesikia.

Tangu siku ile kazi ikaenda. Baba alisema bado pale palipokuwa bado. Kidole kikubwa cha muguu kikaanza kutikisika, kidogo, kama kichwa cha kuku anayesinzia. Akasimama kwa kushika kitanda. Akapiga hatua kwa kushika bega langu. Munganga akamuonyesha kwa mikono: mwezi ukue na ufe, tena na tena, ndipo mutumbwi. Baba akaelewa. Miye nikaelewa. Ilibaki Patroni tu kuelewa, na mama alikuwa tayari kwenda kumupigia magoti atuongezee muda.

Hapa njo hasira yangu inakaa. Musiniambie nishuke.

Wakubwa walikuja kutembelea hospitali, magari mawili, na Patroni nyuma yao na shati lake jeupe, maana alipenda kuonekana na wakubwa. Muforomo alituamusha mapema, akafagia, akawapanga mbele wagonjwa wanaoweza kusimama. Baba alisimama, mukono nyuma ya mugongo, ameshika chuma cha kitanda watu wasione. Miye niliona vile vidole vilivyokaza.

Mukubwa mumoja akasimama mbele yake. «Citoyen, na weye umepona?»

Munganga Muchina alikuwa pembeni, anatikisa kichwa, mikono yake inasema polepole, polepole. Hakuna aliyemutazama. Wote walimutazama baba. Patroni pia. Miye nilimutazama na kumuomba kwa macho: bado, baba. Sema bado. Neno unalijua, umelisema majuma haya yote.

«Ndiyo, Citoyen,» baba akasema. «Nimepona. Aksanti sana.»

Wakapiga makofi. Munganga akashusha mikono.

Siku iliyofuata muforomo alitukataza kwenye benchi. «Muntu aliyepona anatafuta nini hapa? Alisema mwenyewe mbele ya Serikali.» Na mvua ya kwanza ilipoanguka, Patroni akatuma muntu kumuita baba mutumbwini. Mama akasema, «Kamwambie bado.» Baba akamujibu, «Nitasema bado leo, na juzi nilisema nimepona? Nitaitwa muongo.» Akajifunga kamba kiunoni, akaenda. Kwenye ubao wa kupandia muguu ukamuangusha, akapita kati ya mutumbwi na mawe, mufupa wa paja ukavunjika. Wakamuleta amelazwa juu ya mulango waliong'oa kwa muntu. Tulitoka kwenye ile nyumba mvua inanyesha, masufuria yamejaa maji kabla hatujafika kwa wajomba.

Munganga Muchina alikuja kumuona mara moja, alikuwa anahamishwa. Alikaa chini kwenye mukeka. Hakuleta sindano. Aliweka tu mukono juu ya muguu, akauliza lile neno, kwa sauti ya chini, na nadhani hakuwa anauliza habari ya sindano tena.

«Ndiyo, Munganga,» baba akajibu.

Munganga hakumutazama. Alinitazama miye. Nikatikisa kichwa, hapana. Akainama, akaondoka.

Baba aliishi miaka mingi baada ya pale, chini ya upenu wa wajomba, anashona nyavu za watu wengine. Hakutembea tena bila fimbo. Siku nilipomuuliza kwa nini alisema ndiyo, alisema, «Mama, wale watu walikuja kutoka mbali.» Basi. Hilo njo jibu. Walikuja kutoka mbali, asiwavunje moyo.

Miye niliingia sokoni na beseni la ndagala la Mama Vumilia, na mudomo wake nikaurithi pia. Kutoka beseni nikaenda magunia, kutoka magunia nikavuka Kigoma, kutoka Kigoma nikapanda ndege mpaka Guangzhou kununua mashini za mitumbwi, miye wa mwaka wa tatu, nafanya bei kwa vidole. Kule goti langu lilivimba. Kijana wa Lubumbashi anayesoma udaktari kule kule akanipeleka kwenye nyumba ya sindano. Moshi ule. Mwanamuke mumoja Muchina akaingiza sindano na kusema, «Dechi?»

Nikamuuliza kijana anifafanulie. Akajinyoosha kama yuko kalasini. «Mama mukubwa, ni neno la kazi yao, liko kwenye vitabu. De ni kupata. Qi, inasomwa chi, ni nguvu ile wanasema inatembea mwilini, kwenye njia zake. Sindano ikifika mahali pake, mugonjwa anasikia uzito, ganzi, kuvimba, kama umeme. Na munganga anasikia sindano imeshikwa. Wote wawili pamoja, njo de qi. Mugonjwa asiposema kweli, munganga anabaki na nusu.»

«Kama samaki kwenye ndoana,» nikasema.

Akashangaa. «Hata wao wanasema hivyo. Mama, ulijifunzia wapi?»

Nikatazama sindano kwenye goti langu. Halafu nikamuuliza: sindano zile zingemuponya muntu aliyepigwa kiunoni na kamba ya chuma? Akasema labda ndiyo, labda hapana, hata wasomi wanabishana. Nilimushukuru kwa lile labda. Sisemi baba angetembea. Nasema muguu ulikuwa wake, na hata muguu wake mwenyewe hakuruhusiwa kuusemea. Na siku alipojifunza, akaogopa shati jeupe.

Muforomo alikufa na heshima zake, misa kubwa. Sikuenda. Padri aliniambia nisamehe, nikamwambia bado.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, karatasi zake kwa jina langu. Nina mitumbwi mitatu ya mashini, na kamba za chuma nazibadilisha kabla hazijachakaa. Nina friji mbili za samaki na jenereta. Nina shamba la mihogo upande wa njia ya Bendera. Nina vijana wanaonivulia, na mumoja wao akiumia, nakaa chini naye na kumuuliza anasikia nini, na akinijibu ndiyo haraka sana, namuuliza tena. Nina goti moja bovu. Nina fimbo ya baba, iko nyuma ya mulango. Na nina neno hapana. Hilo baba hakuniachia. Nilijinunulia mwenyewe.